Akiba ya Sauti Huoza

Mwezi uliopita Shosho alinipa mkebe wa biskuti. Wasee, nyote mnajua hakuna mkebe wa biskuti Kenya hii wenye biskuti ndani, so nilitarajia nyuzi na sindano. Nikapata kaseti saba. Moja imeandikwa kwa kalamu ya bluu: Ruracio 1988.

Akaniambia, "Guka wako anaongea humo ndani. Nitafutie."

Guka alienda kabla mimi nizaliwe. Namjua kwa picha mbili tu, na kwa zote amekunja uso venye wazee wa zamani walikunja uso mbele ya kamera. Sauti yake sijawahi kuisikia hata siku moja.

Nikajiambia hii ni kazi ya dakika kumi. Unaweka kaseti, unabonyeza, unarekodi na laptopu, unatumia Shosho kwa WhatsApp, unaitwa mjukuu bora. Ikanichukua wiki mbili. Nyumbani hakuna redio ya kaseti. Kwa majirani hakuna. Anti yangu alikuwa na moja, aliitupa wakati wa kuhama. Mwishowe nikaingia Luthuli Avenue, kwa fundi mmoja mzee aliyekaa katikati ya mlima wa redio zilizofunguliwa matumbo. Akaishika kaseti, akaigeuza, akacheka.

"Kijana, kaseti mnazo wengi. Mashine ndo hamna."

Hiyo line ilinikaa kichwani. Nikaenda kusoma, na nikagundua kuna watu walikwama pale pale nilipokwama mimi, ila wao kaseti zao zilikuwa na safari ya mwezini.

Sauti ilirekodiwa kabla isikike

Tuanze nyuma kidogo. Watu wengi wakiulizwa nani alirekodi sauti wa kwanza watasema Thomas Edison, 1877. Si kweli kabisa. Miaka 20 kabla yake, mwaka 1857 huko Paris, mchapishaji mmoja kwa jina Édouard-Léon Scott de Martinville alisajili mashine aliyoiita fonotografu... hapana, *phonautograph*; hata jina lake linachanganya. Unaongea ndani ya kitu kama pipa, utando mwembamba unatetemeka, unywele mgumu uliofungwa kwenye utando unachora mstari kwenye karatasi iliyopakwa masizi ya taa. Mstari unapanda na kushuka jinsi sauti inavyopanda na kushuka.

Sasa sikiza hii. Scott hakuwa na njia yoyote ya kuicheza tena, na wala hakuwa anaitafuta. Yeye alitaka watu waisome sauti kwa macho, kama maandishi. Karatasi zikawekwa, Scott akafa 1879, dunia ikasonga.

Mwaka 2008, watafiti Marekani walizipiga picha karatasi hizo kwa ubora wa juu, wakaufuata ule mstari na kompyuta, wakaugeuza kuwa sauti. Moja, ya Aprili 1860, ilitoa sekunde chache za mtu akiimba wimbo wa kitamaduni wa Kifaransa. Kila mtu akasema ni sauti ya msichana. Mwaka uliofuata wakagundua walikuwa wameicheza kwa kasi maradufu. Walipoipunguza, msichana akawa mwanaume mzima, akiimba polepole. Inaaminika ni Scott mwenyewe.

Shika hiyo ya kasi. Tutairudia.

Leni 30 za Houston

Sasa twende Julai 1969. Hapa kwetu nchi ilikuwa na kidonda kibichi. Tom Mboya alikuwa amepigwa risasi katikati ya Nairobi tarehe 5. Wiki mbili baadaye, usiku wa tarehe 20, saa tano na dakika 17 kwa saa zetu, Neil Armstrong na Buzz Aldrin wakatua mwezini.

Dunia ilisikia mazungumzo kati ya chombo na Houston. Lakini hiyo ilikuwa laini moja tu. Ndani ya jengo la kuongoza safari, watu walikuwa wanaongea kwa laini nyingi kwa wakati mmoja. Ebu fikiria magroup ya WhatsApp: kuna group ya mkurugenzi wa safari na wakuu wa kila meza, halafu kila mkuu wa meza ana group yake ndogo na mbogi iliyokaa vyumba vya nyuma, ile inayojua hesabu kwa ndani. Wote wamevaa vifaa vya masikioni, kila mtu anasikiliza magroup matatu manne kwa pamoja.

NASA waliamua kurekodi zote, bila kuzima, safari nzima. Walitumia mashine za tepu zenye njia 30 zinazoenda sambamba kwenye utepe mmoja. Kama Thika Road yenye leni 30, kila leni na gari lake. Leni moja iliachiwa saa: alama za muda, ili ujue kila neno lilisemwa sekunde gani. Tepu moja ilibeba saa 14. Na zilikuwa zaidi ya 200.

Kisha zikawekwa kwenye hifadhi. Salama kabisa. Zikakaa zaidi ya miaka 40.

Mwaka 2012, timu ya Chuo Kikuu cha Texas huko Dallas, chini ya John Hansen na Abhijeet Sangwan, ilipata ufadhili wa kuzihamisha hizo sauti kwenda kwa kompyuta. Wakauliza: mashine ya kuzicheza iko wapi? Jibu ni kwamba kulikuwa na moja, inaitwa SoundScriber, kifaa cha miaka ya sitini kilichobaki kituo cha NASA cha Houston. Na hiyo moja ilikuwa inasoma leni moja kwa wakati. Ukimaliza leni ya kwanza, unarudisha tepu mwanzo, unazungusha mkono wa chuma kusogeza hedi (kile kichuma kinachogusa utepe) hadi leni ya pili, unaanza upya.

Piga hesabu na mimi. Saa 14 mara leni 30 ni saa 420. Hiyo ni siku 17 na nusu, mchana na usiku bila kulala, kwa tepu moja. Hansen alikadiria kwamba Apollo 11 peke yake ingechukua angalau miaka 170.

Miaka 170! Yaani mtu wa kwanza kuanza hiyo kazi angemwachia mjukuu, mjukuu amwachie kitukuu, na utepe wenyewe ukizidi kuchoka. So wakafanya kile fundi wangu angefanya. Wakaifungua mashine. Wakatengeneza hedi mpya inayosoma leni zote 30 kwa mpigo mmoja, na kila leni ikaenda kwa kompyuta kupitia waya wake. Kazi ya miaka 170 ikawa ya miezi. Kufikia 2017 walikuwa wametoa saa zipatazo 19,000 za sauti.

Kwa nini ni ngumu hivyo

Hapa kuna msee atauliza: kwani si ni kurekodi tu? Simu yangu inarekodi. Poa, acha nieleze, kwa sababu hata mimi nilidhani hivyo na nililipia.

Sauti ni mtetemo unaoenda bila kukatika, kama maji ya mto. Kompyuta haijui mto. Inajua namba. Kwa hivyo kuna kifaa katikati ambacho kazi yake ni kupima: wimbi liko juu kiasi gani sasa hivi? Andika namba. Na sasa? Andika. Na sasa? Harry Nyquist alianza hesabu za haya mambo 1928 huko Marekani, Vladimir Kotelnikov akayaandika Urusi 1933, na Claude Shannon akayaweka wazi 1949: ukipima zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa ulio ndani ya sauti, unaweza kuirudisha sauti yote jinsi ilivyokuwa. Ndiyo maana simu za kawaida zilipima mara 8,000 kwa sekunde, kwa kuwa zilibeba maongezi tu, na CD zikapima mara 44,100, kwa kuwa sikio changa husikia hadi mitetemo kama 20,000.

Sasa chukua kiwango cha CD uzidishe na leni 30. Ni namba 1,323,000 kila sekunde, kwa saa 14, bila kupumzika. Kompyuta ya leo inaweza. Shida ni kwamba kompyuta ina mambo mengi. Inaandika, inasasisha programu, inasinzia. Tepu haijui hayo. Tepu inazunguka tu.

Kwa hivyo katikati huwekwa tangi. Unalijua tangi la maji la juu ya paa: maji ya kanjo yanaingia yakija, wewe unafungua mfereji ukitaka. Namba zinaingia kwenye tangi kwa mwendo ule ule, kompyuta inachota ikipata nafasi. Ikichelewa kidogo, hakuna neno. Ikichelewa sana tangi linafurika, na namba zilizomwagika hazirudi. Mbaya zaidi, huwezi kujua. Hakuna kengele. Unasikiliza baadaye na mtu anaruka kutoka katikati ya sentensi moja hadi katikati ya nyingine.

Na leni zote 30 lazima zipimwe na saa moja. Swali liko leni ya 5, jibu liko leni ya 18. Kila leni ikiwa na saa yake, baada ya masaa kadhaa jibu litakuja kabla ya swali.

Walikuwa vijana

Na hii yote ni ya nini? Armstrong tulimsikia kitambo. Tunataka nini na maongezi ya watu wa ofisi?

Dakika chache kabla ya kutua, kompyuta ya chombo ilianza kulia. Alamu namba 1202. Armstrong akauliza Houston hiyo ni nini. Aliyetakiwa kujibu ni Steve Bales, mkuu wa meza ya uelekezaji, miaka 26. Kwenye group yake ndogo, chumba cha nyuma, alikuwepo Jack Garman, miaka 24, akiwa na karatasi aliyoandika kwa mkono: kila alamu ya ile kompyuta na maana yake. Alikuwa ameiandaa kwa sababu siku chache kabla, kwenye mazoezi, alamu kama hiyo iliwachanganya wakasimamisha safari ambayo haikufaa kusimamishwa.

Garman akamwambia Bales kwamba isipojirudia mfululizo, mambo yako sawa. Kompyuta ilikuwa imepewa kazi nyingi kuliko muda ilio nao, ikaacha zile ndogo na kushikilia zile za maana. Bales akapitisha, mkurugenzi akapitisha, Armstrong akaambiwa endelea. Yote hayo kwa sekunde chache.

Ukiisikiliza laini ile moja ya dunia nzima, unasikia swali, kimya, halafu jibu. Ule ukimya ndipo Garman alipo. Msee wa miaka 24 na karatasi. Yuko kwenye leni ya pembeni.

Ndiyo maana zile saa 19,000 ni kitu kikubwa. Unasikia watu ambao vitabu havina nafasi ya kuwaandika: wakiulizana, wakikosea, wakirekebishana, wakiongea mambo ya chakula wakati chombo kiko nyuma ya mwezi na hakuna la kufanya. Mwaka 2019 sauti hizo zilitumika kwenye filamu ya *Apollo 11* ya Todd Douglas Miller. Ben Feist naye akaweka mtandaoni saa kama 11,000 zikienda sambamba na safari yenyewe, sekunde kwa sekunde, bure. Ingia uchague meza yoyote uketi nayo.

Lakini usidhani kila kitu kiliokoka. Picha za asili za ile matembezi ya mwezini, zenye ubora kuliko zile zilizoonyeshwa kwa runinga, zilikuwa kwenye tepu nyingine za data. Watu walizitafuta kwa miaka. Mwaka 2009 NASA ilitoa ripoti: yawezekana sana zilifutwa na kutumiwa tena, kwa sababu kuna wakati walikuwa na uhaba wa tepu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mtu aliona tepu ya zamani, akahitaji tepu tupu, akafanya kazi yake. Kama tu anti yangu na redio.

Hapo

Turudi Luthuli. Fundi alinipatia redio ya kaseti iliyokuwa nzima, akasafisha hedi na spiriti na pamba, nikaunganisha waya kutoka tundu la vifaa vya masikioni hadi kadi ndogo ya sauti ya USB, kisha laptopu. Upande A ukaenda vizuri. Watu wanaimba, mama mmoja anapiga ngemi, vikombe vinagongana.

Upande B, nikaenda kununua chai. Niliporudi laptopu ilikuwa imelala. Sikuwa nimezima ile ya kusinzia. Tepu ilikuwa inazunguka, Guka anaongea, na hakuna mtu anayeandika. Dakika nne zimeenda. Sina wa kulaumu, ni mimi na chai yangu.

Nikataka kurudisha hapo hapo. Fundi akanionyesha hedi: imejaa unga wa kahawia. "Huo unga ndio sauti yenyewe," akasema. "Kila ukicheza, inapungua." Tukasafisha tena, tukacheza mara moja tu, mimi nimeketi hapo kama mlinzi. Tuliipata. Sehemu mbili ziko kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa blanketi, lakini tuliipata.

Jumamosi nikampelekea Shosho. Nikamwekea spika mezani. Mwanaume akaanza kuongea Kikuyu, sauti nyembamba, haraka haraka, akiwashukuru wageni kwa kufika. Mimi machozi yananilenga. Shosho akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Huyu si yeye."

Wasee, niliishiwa. Nikamwambia, Shosho, ni kaseti yako, umeandika mwenyewe. Akasema, "Maneno ni yake. Sauti si yake. Guka wako alikuwa na sauti nzito, na hakuwa na haraka na mtu."

Na ndipo nikamkumbuka Scott na yule msichana wa 1860. Redio ya fundi ilikuwa inazunguka haraka kuliko ile iliyorekodi 1988. Nikafungua laptopu, nikapunguza kasi asilimia moja. Akasema bado. Mbili. Bado. Tatu. Bado, lakini anakuja. Nikaendelea kidogo kidogo, yeye amefunga macho, mkono mmoja umeinuka hewani kama mtu anayeongoza kwaya.

"Hapo."

Nikaacha. Na mwanaume tofauti kabisa akaanza kuongea chumbani, polepole, sauti ya kifuani. Shosho hakulia. Alimjibu. Guka alisema kitu kuhusu mbuzi, na Shosho akamwambia, miaka zaidi ya 30 baadaye, kwamba alishamwambia wale mbuzi hawatoshi.

Wahenga walisema akiba haiozi. Heshima kwao, lakini wahenga hawakuwa na kaseti. Utepe unaacha unga, mashine zinatupwa. NASA waliweza kutengeneza hedi mpya, na sisi tunaweza kupata fundi Luthuli. Lakini kwa kaseti zangu kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyejua ile sauti inafaa kuwa vipi, na ana miaka 84. Miaka kumi kutoka sasa ningekuwa na Guka mwenye sauti nyembamba na haraka, na ningeapa ndiye huyo.

Kwa hivyo wikendi hii ukienda nyumbani, uliza mkebe uko wapi. Beba kadi ya sauti, safisha hedi kwanza, zima ile ya laptopu kusinzia, na usiende kununua chai. Halafu mketishe karibu na spika yule anayekumbuka, umwachie aseme "hapo".

Mimi nimebakisha kaseti sita.